Taa ya Nane

Miaka miwili nilitembea na jiwe kwenye pochi,
jiwe la mto Njoro, laini, la kujaa kiganja,
kwa ajili ya kichochoro cha nyuma ya mashine ya kusaga
ambako Aikande alinyang'anywa simu na kiatu kimoja.
Kiatu kimoja! Hadi leo hatuelewi.

Jumamosi vijana wa Pasua walipita na ngazi ya kuazima,
nyaya, na daftari la kaunta lisilo na jalada.
Wakabisha kila geti:
"Mama, utatupa umeme wa balbu moja?"
Mzee Nderumaki akataka kujua nani atalipa luku.
Wakampigia hesabu kwa mkaa, ukutani kwake:
kwa usiku mzima haikufika bei ya andazi.
Akanuna. Akaleta waya.

Saba zilikuwa zimeshawaka walipofika kwangu.
Ngazi ikacheza, udongo bado una mvua ya jana.
Kundaeli, yuleyule ambaye
nikimwona kijiweni navuka barabara,
akageuka: "Dada, huna jiwe hapo tuwekee mguu?"

Nikafungua pochi.
Hakuuliza lilikuwa la nini.
Labda alijua.

Siku hizi watoto wanaruka kamba pale hadi saa mbili,
Aikande anauza vitumbua chini ya taa ya tano,
na ya nane, ya kwangu, imekaa upande kidogo.
Jiwe sijalidai.
Nasikia limefuatana na ngazi
hadi Majengo.