Heri Dole

Mguu wa kulia ndio unaoendesha cherehani,
na ndio nilioutanguliza nikitoka kwa hasira
Ijumaa ile, neno langu likiwa bado halijatua sakafuni.
Kizingiti cha zege,
alichokijenga mwenye nyumba kuzuia maji ya masika,
kilikuwa kinanisubiri.
Nilisikia *ta*,
kama kifungo kinachokatika kwenye shati la mtu mnene.

"Pole," akasema Sikudhani,
hata baada ya lile nililomwambia.
Pole ya mazoea, ya kumpa mpita njia.
Akajifunga khanga, akaruka damu yangu,
akaenda zake Magomeni.

Zahanatini, Nesi Kokuteta hakupoteza muda:
"Mfupa umepasuka, ufa kama uzi. Utaunga wenyewe.
Kucha hii usiihesabu."
Akalifunga dole gumba pamoja na jirani yake,
bandeji moja, vidole viwili,
kama ndugu waliogombana wakalazwa kitanda kimoja.
"Wiki sita. Na cherehani uisahau."

Nani asahau cherehani, na watu wa Tabata wana harusi?
Nilijaribu kwa mguu wa kushoto.
Mguu wa kushoto haukusomea kazi hii:
unarudisha gurudumu kinyume, unakata uzi,
mshono unapinda kama vichochoro vya Kigogo.

Usiku dole lina moyo wake.
Linadunda, linadunda,
na shuka jepesi linakuwa gunia la mkaa.
Nikaweka ndoo miguuni ibebe shuka,
mbu wakaona mlango uko wazi,
wakaja na ukoo mzima.

Kila aliyepita alikuwa na dawa.
Maji ya chumvi. Asali. Mwarobaini.
Mama Havijawa akalipaka manjano
mpaka likanukia pilau.
"Umejikwaa wa kulia, hiyo ni heri.
Ingekuwa wa kushoto ningekuogopa."
Shafii, mpangaji wa chumba cha uani,
akachungulia, akacheka:
"Heri kujikwaa dole..."
akaondoka na mswaki wake mdomoni.
Nusu ya pili naijua.
Nusu ya pili ndiyo isiyofungwa bandeji.

Wiki ya tatu, kijana wa bodaboda
akanipa furushi la gazeti, akakataa nauli: "Nimeshalipwa."
Ndani, ndala za kiume, namba arobaini na tatu.
Ya kulia imekatwa mbele, dole lipate kupumua.
Nikautazama ule mkato.
Mkasi wa fundi hupita mara moja.
Huu ulianza, ukasita, ukasimama katikati,
ukaendelea.

Mkono huo naujua.
Ndio niliouambia, Ijumaa ile, juu ya kitenge kilichoharibika:
*mkono usiojua hata kushika mkasi,
Mungu aupe mtoto wa nini?*
Miaka tisa ya ndoa yake.
Mimi ndiye niliyembeba siku ile ya Muhimbili.
Mimi.

Kucha ya zamani ilitoka yenyewe, nikioga.
Nyeusi, nyepesi, ganda la kome.
Nikakaa nayo kiganjani, nikaona haya kuitupa.
Chini yake ngozi laini kama ya mgeni,
na pembeni kabisa kitu chembamba,
ganda la kitunguu, kinachochomoza.
"Mwaka mzima mpaka ifike mbele," akasema Nesi.
"Huenda ikaja na kibyongo. Lakini itakuja."

Leo nimevaa ndala zile.
Kigogo mpaka Magomeni si safari
kwa mwenye vidole kumi.
Nimepumzika mara nne, mara ya mwisho kwa muuza mihogo,
nimenunua ya elfu moja, imeshapoa.

Mlango wake nao una kizingiti.
Nainua mguu juu kuliko inavyotakiwa.
"Hodi," nasema,
polepole,
nikitazama pa kuukanyagisha ulimi.