Ukurasa wa Themanini na Tatu

Kazi yangu hapa Wete ni kuponya vitabu:
uji wa ngano, uzi wa kushonea viatu,
na raba, kwa ajili ya wale waandikao pembeni
kana kwamba ukurasa ni ukuta wa nyumba yao.

Leo kimekuja kimoja hakina jalada,
kimelala miaka katika kabati lililovujiwa,
kinanuka makonyo.
Ukurasa wa themanini na tatu
risasi imekazwa chini ya maneno haya:
*Aliyenikosea nilimsamehe mapema.
Niliyemkosea mimi, huyo sijamsamehe mpaka leo.*
Na pembeni: *Shaame huyu!*

Nilicheka. Nikashika raba.
Kisha nikaiona ile S, mkia wake ulivyojikunja.
Mwandiko wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.
Ami Shaame katunyang'anya mikarafuu kumi na miwili kule Mtambwe,
na tukipishana njiani hageuzi shingo.
Nikasema, kitabu kimemjua huyu.
Nikakirudisha nimeshiba.

Mize hakunijia akilini.
Na ilikuwa msimu uleule,
baba anapima karafuu mbichi, mie nimeshika daftari.
Mize alileta pishi tisa. Nikaandika saba.
Akanitazama, akatazama vidole vyake
vyeusi kwa utomvu,
akapokea.

Tangu hapo nikaanza kumuona ana maringo.
Nikasikia kejeli katika salamu zake.
Harusini nikihama mkeka akikaa karibu.
Miaka thelathini nimemtafutia aibu,
sikuipata,
na hilo nalo nikamkasirikia.

Mwandishi hajapata kuvuka kuja Pemba.
Pishi zangu mbili kazijuaje?

Jina nimelifuta. Mstari nimeuacha.
Lakini karatasi haisahau: ukiiinamisha kwenye mwanga
Shaame bado yumo, kachimbika.
Nilitia ncha niandike jina linalostahiki,
herufi ya kwanza tu,
mkono ukakumbuka kuna gundi jikoni itaungua.

Sasa hivi Mize kapita dirishani na mjukuu wake,
ndoo ya majongoo kichwani.
"Hujambo, Salhina?"
Kama jana. Kama kila siku.

Nimejibu.
Jibu limetoka kama kurasa mbili zilizogandana,
unazivuta polepole
na hujui upande upi utapasuka.