Ishirini kwa Ishirini

Nilikinunua kiwanja Mvuti, lami inapoisha na mbele kidogo,
kwa awamu saba, kwa fedha za zamu za usiku wodi ya watoto.
Hatua ishirini kwa ishirini. Dalali alizipiga kwa miguu yake mirefu,
nikamwambia, Shomari, hebu rudia kwa futi kamba.
Akacheka. Akarudia.
Mita mbili hazikuwepo.

Karatasi ya mauziano ina mihuri miwili ya serikali ya mtaa,
dole gumba la Kondo Mwinshehe, muuzaji,
na mashahidi wanne; wawili sijawaona tena.
Kaskazini: njia. Kusini: Mama Sijali.
Mashariki: mnazi uliokatika. Magharibi: muuzaji mwenyewe.
Ndivyo ardhi inavyoandikwa huku,
kwa jirani, kwa mti, kwa mtu ambaye kesho hayupo.

Shomari alisema, subiri uone, umeme unakuja,
nguzo zimeshalala Msongola,
milioni nne yako itakuwa kumi na mbili,
ardhi haiozi kama nyanya.
Nilimwamini kwa sababu nilitaka kuamini,
na kwa sababu mwenye nyumba wangu wa Tandika
hudai kodi ya miezi sita kwa mpigo.

Mwezi wa tatu nilirudi kuangalia bikoni zangu.
Nikakuta mtu ameinama katikati, anafyeka.
Kondo. Alishtuka kama mwizi.
"Sista, nasafisha tu. Nyasi zinaficha nyoka,
na nyoka hajui nani kauza, nani kanunua."
Tukakubaliana: elfu kumi kwa mwezi, anilindie.
Nikamwonyesha mipaka.
Yeye, nikamwonyesha mipaka!
Akaitikia kila kona, nimeona, Sista, nimeona,
mtu aliyezika kitovu cha mwanawe wa kwanza
chini ya mchungwa ambao mimi niliuita "huo mti".

Hela ilikwenda wapi, sikumuuliza. Alinieleza.
Pikipiki ya mwanawe, ikaibwa mwezi wa nane.
Bati thelathini. Deni la hospitali
("hospitali yenu," alisema, bila ubaya).
Iliyobaki ilijiendea.
"Hela ya shamba, Sista, haina mzizi."

Halafu, akichezea mpini wa jembe,
akaomba ruhusa.
Kabla hujajenga, alisema. Matembele tu, kule maji yanakotuama.
Mahindi hapana, yatafunika bikoni.
"Siku ukileta tofali, nang'oa siku hiyohiyo."
Nikasema ndiyo, upesi mno,
kama aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu.

Sasa ni mwaka wa tano. Nguzo bado zimelala Msongola,
mbuzi wanajikunia.
Tofali sijaleta. Nilileta mchanga, lori moja,
masika yakaugawia majirani bila mkataba.
Shomari kahamia Kigamboni, anapiga hatua nyingine.
Nikiulizwa kazini, nasema nina kiwanja,
nalitamka neno hilo kama mtu mwenye mchumba ughaibuni.

Jumapili nilikwenda. Matembele yametambaa kila mahali,
bikoni moja tu inachungulia.
Kondo akanichumia fungu, akalifunga kwa kamba ya mgomba.
Nikanyoosha mkono. Hakuliachia.
"Mia tano, Sista."
Nikamtazama. Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira.
"Ardhi yako. Jasho hatukuuziana.
Soma ile karatasi, halimo."

Nikatoa elfu. Akahesabu chenji yangu, sarafu kwa sarafu,
kisha akakata vishina vitatu vya nyongeza,
akavifuta udongo kwa kidole gumba kilekile.
"Weka kwenye ndoo, hukohuko Tandika.
Haya yanaota hata kwa mpangaji."