Udongo wa Kununua

Hapa Majengo udongo tunaununua.
Wengine wananunua unga, chumvi, makaa;
mimi naongeza na udongo,
gunia tatu za Rutshuru juu ya chukudu,
na Kakule akishusha huuliza:
"Mama Kavugho, leo unamzika nani?"

Simziki mtu. Napanda matango.

Kiganja kimoja tu, kisha mwamba unaanza,
mweusi, una vitundu kama mkate.
Ulishuka mlimani mwaka ule ukiwaka,
ukapita juu ya jiko la mama,
juu ya kitanda changu na kioo chake,
juu ya jiwe la mpaka baina yetu na kwa Bauma.

Tangu hapo mimi na Bauma tunasalimiana kwa kikohozi.
Yeye asema mpaka ni hapa. Mimi nasema pale.
Jiwe lenyewe liko chini, mita mbili,
linajua, limenyamaza.

Nilianza na mbegu nane katika makopo ya nyanya.
Panya akala mbili. Mvua ya majivu ikachoma moja.
Tano zikatoa masikio.
Nikazitundikia chandarua kikuukuu, zipande,
na zikapanda, vidole vyembamba kama waya wa saa
vikikamata chochote: msumari, kamba ya nguo,
siku moja kitambaa changu cha kichwa,
nami ndani yake.

Kila asubuhi napangusa majivu majanini
kwa soksi ya mtoto aliyekwisha kuwa baba.
Nyuki ni wachache, mtaa huu hauwapendezi,
basi nachukua unyoya wa kuku,
nagusa ua dume,
kisha lile lililobeba kitango mgongoni,
mshenga mimi, nisiyelipwa hata soda.

Lakini tango na kutanga ni mtu na ndugu yake.
Nilipogeuka, mche mmoja umevuka ukuta,
na huko, kwa Bauma, ukazaa.
Kwangu ulibakiza majani.

Nikangoja ugomvi.
Maneno nilikwisha kuyapanga,
mengine ya Kifaransa, ili yaume zaidi.

Jumamosi akagonga geti,
tango mkononi, limeumwa ncha.
"Chungu," akasema.
Neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka kumi na mitatu.

Nikachukua kisu. Nikalikata kichwa,
nikasugua kichwa na shingo, nyama kwa nyama,
polepole, mpaka povu jeupe likatoka.
Nikalisuuza kwa maji ya bidoni.
"Onja sasa."

Akala amesimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje.
Hakutaja mpaka. Nami sikutaja.
Mbegu moja ilimganda kidevuni
nikaiacha.

Akatazama magunia matupu yaliyokunjwa ukutani.
"Yule kijana wa chukudu," akauliza,
"gunia moja anakuuzia ngapi?"

Nikamtajia bei.
Nikaongeza mia tano.