Ukurasa wa Ejotre

Maabara ya damu, Arua, saa nane usiku.
Friji linaguna kama mtu aliyeamshwa bure.
Nimeandika *man pimadamu*, nikabonyeza,
mashine ikanijibu kwa adabu yake kavu:
hakuna ukurasa wa mwongozo kwa jina hilo.

Mashine hii inajua kueleza kila kitu,
namna ya kupanga orodha, ya kukata mstari,
hata *man* yenyewe ina ukurasa wa *man*,
kinyozi wa kwanza niliyemwona akijinyoa.
Ila programu moja, iliyozaliwa chumba hiki,
inayohesabu mifuko ya damu kila alfajiri
na kusema mingapi ya O imebaki
kabla gari la Moyo halijafika,
hiyo haina hata sentensi.

Mwongozo wake ulikuwa namba ya simu.
Ejotre alipokea akiwa arusini, akiwa shambani,
akiwa na povu la sabuni shavuni:
"Subiri jenereta itulie. Hesabu mpaka sitini. Haya, tena."
Kisha sikio la kulia likamtupa,
la kushoto likafuata,
na simu ikabaki kuwakawaka mezani kwake.

Jumamosi nikapanda boda hadi Maracha
na daftari la kurasa tisini na sita.
Nilimkuta akitunga majani ya tumbaku uzini.
Niliandika swali, akaandika jibu,
herufi ndogo, za mtu aliyezoea kubana karatasi.
"Tuuweke sehemu ya nane, ya wasimamizi?"
Akaikata nane kwa mistari miwili. *Moja.*
*Anayeamka usiku ni Candiru wa zamu, si wewe.*
Nikanyamaza,
ingawa tangu asubuhi sikuwa nimesema neno.

Sasa naandika. JINA. MUHTASARI. MAELEZO.
Lugha ya kurasa hizi ina sheria ngeni:
nukta ikimaliza mstari, neno limepumzika;
nukta ikiuanza, neno limekuwa amri.
Nami niliandika, bila kujua:

    .akiba usiifute, hata diski ikijaa

Nikafungua ukurasa. Mstari haupo.
Onyo ambalo Ejotre alilikoleza wino mara tatu
limemezwa bila hata kikohozi,
kwa kuwa lilianza na nukta, likadhaniwa amri,
na amri isiyojulikana hupitwa kimya.
(Niliwahi kuwa mstari wa namna hiyo,
mkutanoni Kampala.)
Nikaweka mbele yake alama isiyochapwa,
isiyochukua nafasi,
kazi yake kusimama mlangoni tu.
Mstari ukarudi.

KASORO nimeandika bila kupamba:
umeme ukikatika katikati,
mfuko mmoja huhesabiwa mara mbili.
Alhamisi huchelewa. Sababu haijulikani.
Hapo Ejotre aliandika *hata mimi sijui*,
nikaiacha kama ilivyo.
MWANDISHI: jina lake na kijiji chake.
Namba ya simu sikuiweka.
TAZAMA PIA: nilikaa hapo mpaka chai ikapoa,
nikaandika *kibandiko cha njano, friji la pili*.

Nikalibana faili, nikalipeleka
/usr/local/share/man/man1,
chumba ambacho masasisho hayaingii na ufagio wao,
nikaendesha *mandb*
ili faharasa imtambue mgeni.

Wiki tatu baadaye nilifika kazini nimelala vizuri,
jambo ambalo lilinitia wasiwasi.
Kwenye rejista, kwa mwandiko wa Candiru:
*Saa tisa na robo umeme ulikatika.
Nimesoma ukurasa. Nimehesabu sitini.
O hasi, mifuko minne.*
Na chini yake, kwa kalamu nyekundu:
*Mstari wa kumi na tatu, "jenereta" ina herufi moja zaidi.*

Niliipunguza kabla ya kuvua koti.