Tanbihi ya Tatu

Saa nane usiku, Langoni. Feni imekata roho,
umeme umerudi nusu, wa taa moja na kompyuta.
Ndani yake, kwenye ubao wa Go, mawe meusi na meupe
yanapigana bila akili wala mpango,
michezo elfu kumi kabla sijamaliza chai,
kila mmoja unachezwa kitoto, popote palipo wazi,
hadi ubao ujae na mshindi ahesabiwe.

Katika fujo hiyo huchuma busara.
Siri yake ndogo:
jiwe lililowekwa mwishoni, upande wake ukashinda,
hulipa alama kana kwamba lilitangulia.
Siliulizi zamu yake.
Nikaandika, "Naleta, kwa mara ya kwanza,"
nikaupenda mlio wa maneno hayo
kama mtu asikiaye jina lake likitajwa harusini.

Jana Mwanajuma wa maktaba kaniletea daftari,
jalada lina jedwali la kuzidisha,
pembe zimeliwa na mchwa.
La marehemu Famau Shekuwe, mwalimu wa hesabu.
Ukurasa wa arobaini na moja, wino wa buluu:
"Jiwe la baadaye lipewe haki ya jiwe la kwanza.
Nimejaribu michezo sitini kwa mkono. Mkono umechoka."

Sitini.
Na mimi elfu kumi kwa kikombe kimoja.

Nikalifunga. Nikalifungua. Nani atajua?
Mchwa walikuwa wamebakiza mistari michache tu.
Nilikaribia kuwasaidia.

Ndipo nikaona, chini kabisa, kwa penseli:
"Si langu hili. Nimelichota kwa Bi Zena wa Gadeni.
Dhumna ikiisha, haulizi kete ilitupwa lini.
Huuliza: ilikuwemo tuliposhinda?"

Na Bi Zena, kwa nani? Hapo hapana daftari.

Basi nafuta. "Naleta" inaondoka,
"kwa mara ya kwanza" inaifuata bila ubishi.
Mashine na isahau nani alianza,
ndivyo nilivyoifunza, na kwa kusahau huko inashinda.
Lakini mimi si jiwe.
Nimekuja baadaye, na nibaki baadaye.

3. Shekuwe, F., daftari, uk. 41;
naye kutoka kwa Zena wa Gadeni, barazani, kwa mdomo.

Mhariri atauliza mwaka, atauliza mchapishaji.
Nitamwandikia: penseli.