Ubao wa Tatu

Fimbo ya mbali haiui nyoka,
na nyoka wetu alikuwa mto.
Februari ile alipanda usiku, akameza daraja la miguu,
mbao, vyuma, na taa moja
ambayo hata kabla ya hapo haikuwaka.

Mimi, Tegwen, karani wa baraza la kijiji cha Cwm Hesgen,
mshahara wangu haufiki bei ya viatu vya mvua,
nikaandika London.
Nikaeleza: shule iko ng'ambo.
Nikaeleza: kwa barabara kuu ni maili sita,
kwa daraja zilikuwa hatua arobaini.
Wakajibu baada ya miezi saba
kwamba jambo linashughulikiwa,
na jina la kijiji wakaliandika kwa namna tatu
katika ukurasa mmoja.

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Tulimngoja.
Watoto tuliowavusha mgongoni
wakaota ndevu, wakahama.

Kisha ukaja usiku wa kura.
Ukumbi wa mazoezi, harufu ya raba na makoti yaliyolowa,
Idwal wa posta akihesabu, akikosea, akianza tena.
Tulishinda kwa upana wa unywele.
Tukapiga kelele hadi mbwa wa bonde zima wakaitika.
Madaraka yakashuka kutoka London hadi Cardiff
kama ndoo yenye kamba fupi:
inashuka, inashuka, inaning'inia
juu ya vichwa vya wenye kiu.

Nikaandika Cardiff. Safari hii kwa lugha yetu.
Jibu nalo likaja kwa lugha yetu.
Na lugha yetu, ujue, haina neno moja la "hapana";
anayekataa hulazimika kulirudia tendo lenyewe na kulikana.
Mtajenga? Hatutajenga.
Niliisoma barua mara tatu jikoni, nikalia,
sijui kwa uchungu au kwa fahari:
kunyimwa kwa ufasaha namna ile,
na mtu ambaye huenda shangazi yake namfahamu.

Mwaka wa kumi na nane, bahasha ya kahawia.
*Kuanzia tarehe mosi Aprili,
vivuko vyote vidogo ni mali yenu na jukumu lenu.*
Ufunguo wa bohari ulikuwa ndani.
Niliitikisa bahasha, nikaigeuza, nikachungulia.
Fedha hazikuwamo.

Tulikaa saba katika chumba cha nyuma cha kanisa,
birika likinung'unika.
Ithel alitaka daraja lijengwe juu, penye malisho yake.
Heledd alitaka chini, penye shule.
"Shule gani? Ina watoto tisa!"
"Ndiyo maana," akasema Heledd.
Chai ikapoa. Mtu akataja babu ya mtu.
Nami, kwa mazoea ya miaka, nikatafuta wa kumlaumu,
nikatazama dirishani.
London haikuwapo. Cardiff haikuwapo.
Nje giza, na kwenye kioo sisi wenyewe,
saba, tumeshika vikombe.

Wanne kwa watatu.
Tukauza kinanda, tukachanga, tukakopa kwa binamu wa Heledd
ambaye hadi leo anatukumbusha.

Daraja limesimama. Limepinda kidogo kushoto.
Ithel hulivuka kila Jumanne, mikono mfukoni,
asije akagusa ukingo wa watu waliomshinda.

Juzi, saa nne usiku, mvua ya kumwagwa,
mlango wangu ukagongwa.
Ni yeye, kofia ikichuruzika.
"Ubao wa tatu unalia," akasema. "Utamvunja mtu mguu.
Hivi serikali iko wapi?"

Serikali ilikuwa imevaa nguo ya kulalia.
Ikamwambia asubiri hapo hapo kizingitini,
ikaenda kutafuta nyundo.